Mwaka Ulioandikwa kwenye Sabuni

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo kwenye mlango wa maktaba! Nimelisoma mara nne. Mkutubi amepata kabati la kioo lenye kufuli na taa ndani. Litawekwa ganda moja tu la mzinga wa vita, lile kongwe kuliko yote mjini, pamoja na kadi yenye jina la aliyelitoa. Litakaa humo daima. Mwisho wa kupeleka ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kabati litafunguliwa Jumamosi yake.

Jina! Kwa herufi za kuchapwa! Miaka kumi na tisa nagonga muhuri ofisi ya vibali, na muhuri wenyewe unasema IMEPOKELEWA. Hausemi imepokelewa na nani. Nikifa kesho, hakuna karatasi hata moja itakayojua kwamba nilipita hapa. Kabati hilo ni langu. Lazima liwe langu.

Niweke kumbukumbu sawa, huenda shajara hii ikaja kusomwa na wataalamu. Mzinga ukifyatuliwa, kombora huenda zake na ganda la shaba hubaki. Wengine huyafanya vyungu vya maua. Mimi huyasoma. Kwenye kitako kuna chapa: herufi za kiwanda, na tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Chapa huwa ndogo na zimechakaa. Miwani ninayo lakini siivai, inanizeesha. Badala yake nimevumbua njia yangu. Nalainisha kipande cha sabuni kwa maji ya moto, nakikandamiza kwenye kitako, nakibandua. Herufi zinasimama waziwazi juu ya sabuni. Sayansi!

Ninayo maganda ishirini na matatu. Kumi na manne yana herufi za kinyumenyume: E inatazama kushoto, R imegeuza mgongo. Nimefikia uamuzi kwamba yalitengenezwa na nchi moja inayoandika hivyo. Nchi yenyewe bado sijaipata kwenye ramani. Kwa sasa naiita Nchi ya Kinyume.

Jumanne, 4 Machi

Nimeyapanga maganda yote sebuleni. Mke wangu ni mshonaji, na wateja wake hujitazama kwenye kioo kirefu palepale sebuleni. Mteja mmoja amejikwaa kwenye ganda namba tisa. Nimemsihi aangalie, lisije likabonyea. Mke wangu amenitazama kwa jicho la pembe.

Hali si nzuri. Kongwe langu kuliko yote nadhani ni la miaka ya arobaini, ingawa tarakimu zake ni za Nchi ya Kinyume na zinabishana. Sajini mstaafu, jirani wa ng'ambo ya barabara, ana maganda saba tu, lakini moja ni la 1940 na kila mtu analijua, kwa sababu hupenda kulitaja. Leo jioni alikuja kunisalimu. Ana lenzi ya kukuzia, huitembeza mfukoni kama daktari. Alisema kama nataka, anaweza kunisaidia kusoma vitako vyangu. Nikamshukuru. Nikamwambia mimi natumia njia za kisasa.

Yote haya nisingeyahangaikia kama baba angekuwa mkweli. Ganda lake ninalo, linanifika pajani. Marehemu alikuwa akisema babu alirudi nalo kutoka vita vikuu vya kwanza, amelibeba kichwani siku nyingi. Baba aliligonga kwa mpini wa kijiko kutuita mezani, na mlio wake ulifika hadi nyumba ya tatu. Mwaka aliofariki nikalipima kwa sabuni. 81! Babu alikwisha kuzikwa zamani kabla ya mwaka huo. Basi baba alitupiga chuku maisha yake yote, tena wakati wa chakula. Iliniuma, siandiki zaidi. Nililishusha cheo. Sasa linashika mifagio ya uani.

Mke wangu anasema baba mkwe wake hakuwa mtu wa kudanganya. Nimemwambia sabuni haina sababu ya kudanganya.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe! Nilikuwa wapi siku zote?

Ana ganda mlangoni kwake, la kuwekea miavuli. Marehemu mumewe alilipata kwa muuza vyuma chakavu. Nimelipita kwa adabu miaka yote, maana mtu hachuchumai ovyo mlangoni kwa mama mkwe. Leo nilijitengenezea sababu. Nilikwenda na kamba ya kiatu iliyolegezwa makusudi, na sabuni ya moto mfukoni, imefungwa kwenye karatasi. Paja likaungua kidogo. Nikajikaza kisabuni.

Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba baba, akaingia ndani kuleta maji ya kunywa. Nikachuchumaa, nikalilaza ganda, miavuli mitatu ikamwagika sakafuni. Nikakandamiza. Nikabandua. Mama mkwe akatokea na bilauri. Aliuliza mbona siku hizi kamba za viatu zinafungwa kwa sabuni. Nikasema ni usafi. Akaokota miavuli yake. Yeye ni mtu wa kunyamaza halafu kukumbuka.

Nilifungua karatasi nilipofika kwenye kona. O, M, halafu 18. Kumi na nane! Hakuna herufi hata moja iliyogeuza mgongo, yaani si la Nchi ya Kinyume, ni la nchi ya maana. Mwaka 1918, mlangoni kwa mama mkwe, limebeba miavuli! Nimetembea hadi nyumbani bila kuhisi miguu.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba. Sabuni ya ushahidi niliiweka juu ya kabati la bafuni, kwenye sahani yake, na kikaratasi kisemacho USIGUSE. Kikaratasi kililowa. Mke wangu amefua mashuka mawili na gauni la mteja kwa mwaka 1918. Iliyobaki ni 8 peke yake, nayo imekonda. Nilimwuliza kama anajua alichokifanya. Alisema amefua. Akauliza pia miche yake mitatu ya sabuni imekwenda wapi tangu Jumatatu. Nikaona tusifukue mambo.

Haidhuru. Niliiona kwa macho yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelipata!

Haikuwa rahisi. Mama mkwe alisema ganda halitoki, kwa kuwa miavuli yake itasimama wapi? Nikamwahidi ndoo nzuri ya plastiki. Akanitazama mpaka nikaiondoa ndoo katika mazungumzo. Ndipo nilipopata wazo, na ninaliandika hapa kwa fahari: nikampa ganda la baba. Kimo kilekile, mdomo uleule, miavuli haitajua tofauti. Ulaghai mdogo wa kitaalamu. Natoa la 81, napokea la 18.

Aliniuliza kama hilo silo la marehemu baba yangu. Nikasema ndilo, lakini ni la juzijuzi tu, halina hadithi. Akauliza tena. Nikajibu tena. Mara ya tatu aliuliza polepole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa kama kweli amekula. Nikasema mama, lichukue. Akasema haya baba, asante.

Nimelileta la 18 nyumbani kwa miguu, limefungwa shuka jeupe kama sanda. Mwuza dawa alitoka dukani kwake kunipa pole. Nikazipokea, kueleza kungechukua muda.

Jumapili, 9 Machi

Mifagio imeanguka. Haina mahali pa kusimama. Nimeiegemeza ukutani mara tatu, na mara tatu imeanguka. Pale ganda lilipokuwa pamebaki duara safi kwenye saruji. Nimepatazama muda mrefu kuliko ilivyo lazima. Wakati wa chakula mke wangu alinigongea bilauri kwa kijiko kuniita, na nikasimama haraka kama mtoto. Sijui kwa nini.

Baba alikuwa mwongo. Lakini mlio ule ulikuwa mzuri.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimeandika kadi ya kuambatanisha, hapohapo ofisini. Ukubwa wa mdomo kwa milimita. Chapa. Mwaka: 1918. Jina langu nimeliandika kwa kalamu ya wino, nikalikoleza mara mbili. Mkono una mazoea yake: kabla sijajua, nimeigonga muhuri. IMEPOKELEWA. Mkuu wa ofisi alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliuliza ni kibali cha nani. Nikasema cha mtu mmoja wa nje. Akasema mtu huyo ana jina kama langu.

Nikaandika kadi nyingine.

Jioni nilipita karibu na nyumba ya mama mkwe, kwa usalama tu. Na nani nimemkuta? Sajini! Amepiga magoti mlangoni, lenzi jichoni, kichwa karibu kiingie ndani ya ganda la miavuli! Mama mkwe amesimama juu yake na sahani ya biskuti. Bila shaka alisikia habari za ganda la mama mkwe akaja kuniwahi. Lakini nimempiga chenga. Anasoma lisilo lenyewe! Anapoteza macho yake juu ya 81!

Nilicheka nyuma ya ukuta mpaka nikapaliwa. Sajini akageuka. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Leo nilikuwa nimevaa kandambili.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepeleka ganda maktaba. Limefungwa shuka, kamba tatu, mafundo saba. Nimemwomba Mkutubi asifungue hadi Jumamosi, ili tukio liwe na uzito. Yeye ni mama mtaratibu, huongea chini hata akiwa nje. Alisema utaratibu ni kwamba kila kitu kikaguliwe kwanza na Sajini, kuhakikisha hakuna baruti wala fataki iliyobaki. Nikasema la kwangu limebeba miavuli miaka thelathini, na mwavuli haukai na baruti. Akakubali nusu: Sajini atakagua siku hiyohiyo, mbele ya watu. Vizuri zaidi! Na ashuhudie.

Aliuliza niliusomaje mwaka. Nikasema kwa njia yangu. Akaandika hivyo kwenye daftari, njia yake mwenyewe.

Sajini anakwenda kwa mama mkwe kila siku sasa. Mke wangu anasema mama yake ana haki ya kupata mgeni wa chai. Anasema pia Sajini amemtengenezea bawaba za mlango. Nimeuliza, kama mambo yakifika mbali, nitamwamkiaje mtu huyu? Mke wangu amesema shikamoo itatosha.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwa mkono uliotulia. Nitaandika kilichotokea tu.

Tulikuwa watu kama arobaini, viti vya chumba cha kusomea vimepangwa mistari. Kabati limewashwa taa. Nilivaa suti. Ganda la Sajini la 1940 lilikuwa mezani, limenyamaza. La kwangu lilifunguliwa la pili. Mafundo saba yalichukua muda, na watu wawili walitoka nje kupunga hewa. Sajini akalilaza, akatazama ndani, akasema ni tupu na salama. Akageuza kitako. Akaweka lenzi.

Akatabasamu. Si tabasamu la ushindi, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisema analifahamu sana ganda hili. Mwaka wa 81 yeye alikuwa kuruta, na mizinga ya aina hii ndiyo aliyofundishiwa kufyatua. Akasema hatashangaa kama hili alilifyatua yeye mwenyewe.

Nikasema asome tena, ni 18. Akampa Mkutubi lenzi. Mkutubi akasoma, kwa sauti ya chini kabisa, 81. Lenzi ikapita safu ya kwanza, ikapita ya pili. Kila aliyetaka alisoma. Hata mwuza dawa alisoma. Nilinyoosha mkono nipewe lenzi, halafu nikaurudisha.

Basi, nikadhani imekwisha, ni la Sajini. Ndipo mlango ukafunguliwa na mama mkwe akaingia, kilemba kipya, amekumbatia ganda la miavuli. Amelisugua kwa majivu na limau mpaka linang'aa. Aliomba radhi kwa kuchelewa, jina aliandikisha Alhamisi ila miavuli ilikuwa mizito. Alisema hili alibadilishana na mkwe wake wiki iliyopita, na Sajini alipokuja kumsomea ilibidi akae chini kwanza.

Mkutubi akasoma kitako bila haraka. Kumi na nane.

Nikasimama. Nikasema haiwezekani, hilo nililipima mwenyewe, ni la baba, ni la juzijuzi. Mama mkwe alichukua kalamu ya Mkutubi, ile nzito ya chuma, akaligonga ganda mara moja.

Mlio ule! Ulijaa chumba chote, ukapita dirishani. Nilikuwa na miaka saba, sijanawa mikono, baba amesimama na kijiko. Nikakaa chini. Mke wangu akanishika mkono, wala sikuutoa.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi sikutoka. Mke wangu alinileta sebuleni, mbele ya kioo chake cha wateja, na kipande kipya cha sabuni ambacho alikikandamiza mwenyewe kwenye moja ya maganda yangu ya Nchi ya Kinyume. Alikiinua mbele ya kioo. Ndani ya kioo E ilitazama kulia kama kawaida. R iligeuka ikakaa vizuri. Akasema sabuni inageuza kila kitu, kushoto kulia, kulia kushoto. 18 ikigeuzwa inakuwa 81, na 81 inakuwa 18. Alieleza mara mbili, kwa upole, na pini mdomoni.

Nimemsikiliza. Ni maelezo mazuri. Bado nayachunguza.

Lakini jambo moja nimeliandika chini na kulipigia mstari: baba hakuwa mwongo. Babu alilibeba kichwani kweli. Nilikaa na ukweli wake uani, umeshika mifagio, miaka kumi na moja, kisha nikautoa kwa mkono wangu na kusema hauna hadithi. Niliulizwa mara tatu! Leo nimelia kidogo, jikoni. Namwomba radhi.

Mchana nilichungulia kwenye dirisha la maktaba. Imefungwa, lakini taa ya kabati inawaka. Kadi imechapwa hivi: Ganda la mzinga, 1918. Lilibebwa kutoka vitani na babu yake mkwe wangu, likatunzwa na baba yake. Halafu jina la mama mkwe. Babu yumo, baba yumo. Mimi pia nimo, kama nikihesabu "mkwe wangu". Niliwaonyesha wapita njia wawili.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi kazini. Wenzangu wamekuwa wema, yaani walicheka kabla sijafika. Mkuu wa ofisi aliniuliza hali, nikamweleza maelezo ya mke wangu kuhusu sabuni na kugeuka. Akasema kumbe mtu wa muhuri ndiye alipaswa kulijua hilo kuliko wote. Akaniambia nigeuze muhuri wangu, nitazame mpira wake.

Miaka kumi na tisa nimeutazama kutoka juu. Sikuwahi kuutazama uso. Nikaugeuza, nikaufuta wino, nikavaa hata miwani.

Mungu wangu! Herufi zote za kinyumenyume! E inatazama kushoto, K imegeuza mgongo, neno zima linaanzia kulia! Mkuu wa ofisi akatikisa kichwa kwa furaha, akasema sasa umeelewa. Nimeelewa. Nimeelewa kabisa.

Fundi wa mihuri anatoka Nchi ya Kinyume.

Yuko hapahapa mjini, mtaa wa nyuma ya posta! Miaka yote nimeitafuta nchi hiyo kwenye ramani, kumbe mtu wake yuko umbali wa kutembea, anajua kusoma chapa zao, na pengine ana maganda ya kwao nyumbani. Kesho nitatoka mapema. Nitafika kwake kama mteja, nilegeze kamba ya kiatu.

Nimenunua miche miwili ya sabuni.